Nyekundu Inaingia Mwilini

Jumamosi, 9 Desemba 2023

Leo tumelishusha. Lilikuwa juu ya matofali chini ya mwembe wa haboba, yaani bibi yangu, hapa Nyakuron, Juba, tangu kabla mama hajakimbilia Kenya. Wanaume sita tumemaliza asubuhi nzima kulisogeza mita nne tu, hadi kwenye kibanda cha mabati nilichokijenga wiki iliyopita. Matairi yamekauka kama maganda ya muhogo. Kiti cha dereva hakipo. Betri hazipo. Haboba anasema askari walizichukua, kisha mwaka uliofuata wakarudia viti, wakaondoka na kimoja kwa sababu kile cha pili kilikuwa kimehamiwa na nyuki.

Majirani wamekuja kutazama. Macho yao yamezoea Land Cruiser na Probox; hili linawafika kiunoni. MGB, milango miwili, viti viwili, halina paa la bati, na boneti yake ni ndefu kuliko sehemu ya kukaa watu. Mtoto wa jirani amelizunguka mara tatu bila kusema neno, kisha akapitisha kiganja juu ya taa ya mbele, polepole, kama anayempapasa ng'ombe asiyemjua.

Nimetoa plagi zote nne na kumimina katika kila silinda dizeli iliyochanganywa na oili ya gia otomatiki. Sasa ni kusubiri. Fundi mmoja wa soko la Custom alinishauri nilivute kwa gari jingine huku gia ikiwa ndani, injini izinduke kwa nguvu. Sitaki. Pistoni zilizolala miaka karibu 40 ukiziamsha kwa mabavu, ringi zinavunjika, na ringi za injini hii siwezi kuzipata Juba.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichosomea Nakuru, na ndicho mkono wangu unakimbia nacho. Na haboba nasema Kiarabu cha Juba. Kibari bado naomba msaada.

Jumamosi, 16 Desemba

Juzi usiku, nikitoka kibandani kwangu sokoni Konyokonyo ninakotengeneza simu, niliweka spana kwenye puli ya kranki na kuegemea kidogo tu. Ikakubali! Robo mzunguko, kwa ulaini, kama mlango uliotiwa mafuta. Nikarudi nyuma, nikaegemea tena. Leo inazunguka mzunguko mzima. Nimekaa chini kabisa, mavumbini, nikashindwa kusimama kwa furaha.

Mchana nimesafisha kibati cha namba kilichomo ndani ya boneti, kwa mswaki wa meno na mafuta ya taa. Herufi zimejitokeza moja baada ya nyingine: GHN3, halafu tarakimu. G ni MG. H ni ukubwa wa injini, kundi la kati ya cc 1400 na 1999. N ni gari la wazi la watu wawili. Kama lingekuwa la usukani wa kushoto, L ingefuata baada ya 3, hapa hakuna. Kibati cha injini kinaanza na 18GB, yaani ile injini ya cc 1798 yenye beringi kuu tano, iliyoanza kutumika mwishoni mwa 1964. Zilizotangulia zilikuwa na tatu. Kwa hiyo kranki hii imeshikwa vizuri, na huenda ndiyo sababu imezunguka bila kinyongo.

MG ni Morris Garages, gereji ya Oxford iliyozaa jina hilo miaka ya 1920. Magari yenyewe yaliundwa Abingdon. Aina hii ilianza 1962 na ya mwisho ikatoka Oktoba 1980, kiwanda kikafungwa. Yalitengenezwa zaidi ya 500,000, mengi yakapelekwa Marekani. Hili likafika Kampala.

Jumatano, 27 Desemba

Sikukuu zimempa haboba nafasi ya kuzungumza. Nimeleta kiti chake karibu na gari, nami nikaendelea kufungua nati huku nikisikiliza. Nataka niandike alivyosema kabla sijaanza kupamba.

Babu alikuwa mtu wa maabara katika hospitali ya Mulago, Kampala. Walikuwa wameikimbia vita ya kwanza ya Sudani, ile ya Anyanya, na haboba alijifunzia Kampala Kiganda cha sokoni na Kiswahili kidogo. Jirani yao alikuwa mwalimu Mhindi mwenye gari jekundu. Agosti 1972 Amin akawapa Wahindi siku 90 waondoke. Mwalimu alizunguka mji mzima akitafuta mnunuzi, lakini mji mzima ulikuwa unauza na hapakuwa na wa kununua. Siku za mwisho alimletea babu ufunguo na karatasi za gari, wakaandikiana deni. Babu alipe kidogo kidogo, kwa posta, mwalimu atakapotuma anwani.

Anwani haikuja kamwe. Haboba ameyasema maneno hayo akitazama mkono wake. "Tulingoja barua mpaka tukahama." Karatasi anazo bado, zimo kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vya ubatizo. Jina la mwalimu limo, nami sitaliandika hapa. Ni la watu wake, popote walipo.

Mkataba wa Addis Ababa, wa kumaliza vita hiyo, ulikuwa umetiwa saini Februari mwaka huohuo wa 1972, na watu walikuwa wanarudi nyumbani. Wao walirudi Machi 1973, kabla ya mvua. Kampala, Gulu, Nimule, Juba. Gari lililo chini kiasi hiki, ambalo tumbo lake haliko shibiri moja kutoka ardhini, kwenye barabara ya vifusi na mawe! Nimemuuliza walipitaje. Amesema alikuwa anashuka anatembea mbele, anamwonyesha babu pa kuweka magurudumu. Mama alikuwa mgongoni.

Nimewaza hilo jioni nzima. Lami ya Nimule tuliyonayo leo, ile kilomita 192, ilikamilika 2012. Mimi mwenyewe niliingia nchini kupitia hapohapo, nikiwa nimelala kwenye kiti cha basi.

Jumapili, 14 Januari 2024

Habari mbaya, ila nilizitarajia. Nimebonyeza bisibisi kwenye boriti ya chini ya mlango, upande wa kushoto, ikazama hadi kwenye mpini. Kutu imekula ndani kwa ndani. Gari hili halina chesisi. Bodi yenyewe ndiyo mifupa, na boriti hizo mbili za chini ya milango ndizo uti wa mgongo. Bila paa la kuzishikilia kwa juu, ndizo zinazobeba kila kitu.

Uingereza mtu mwenye shida hii hupiga simu. Kampuni ya British Motor Heritage ilianza kutengeneza bodi mpya kabisa za MGB mwaka 1988, ikizikanda kwa mitambo ya zamani. Mimi nina bati la milimita 1.2 kutoka soko la Jebel na mashine ya kuchomelea ya kukodi.

Nilikuwa tayari nimeshika grainda. Kwa bahati nilikuwa nimemwita yule fundi Mkongo anayechomelea mageti kando ya barabara, mzee mtaratibu wa Aru, aje anitazamie tu. Aliishika grainda akaiweka chini.

"Usikate kwanza, petit. Ukikata leo, gari itajikunja katikati sawa na kitabu. Milango haitafunga tena hata siku moja."

"Sasa nifanyeje, Papa?"

"Tuifunge mifupa kwanza. Kisha tuikate."

Amepima mwanya wa mlango kwa kamba, juu na chini, akapiga mafundo. Kesho tunachomelea vyuma vya kuunga kutoka bawaba hadi kwenye kufuli, pande zote mbili, na tunaweka matofali sita chini badala ya manne. Kamba yake nimeitundika ukutani. Mafundo mawili, sentimita hazijaandikwa popote.

Jumamosi, 3 Februari

Tumekata upande wa kushoto. Chini ya rangi na chini ya lami ya kuzuia maji tumekuta bati jingine, limebandikwa juu ya lile la kiwandani. Ni bati la kopo la mafuta ya kupikia ya msaada, herufi U, S na A bado zinasomeka, za bluu. Limekunjwa kingo zote nne kwa ndani ili lisikate mtu, kisha likapigwa riveti ndogo ndogo, moja kila baada ya upana wa kidole. Nimezihesabu: 31. Zimenyooka kama mshono wa cherehani.

Ni babu. Hakuna mwingine. Miaka ya themanini vita vimerudi, Juba imezingirwa, hakuna mashine ya kuchomelea wala umeme wa kuiwasha, na mtu wa maabara amekaa chini ya mwembe anakunja kingo za kopo.

Nilitaka kuliacha. Papa alilitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu ya riveti. "Huyu mzee alikuwa na mkono," akasema. Kisha akasema hapana. Bati la kopo ni la kufunika, si la kubeba. Kwenye uti wa mgongo halina kazi, na siku moja litaua mtu. Ni kweli. Tumelikata taratibu, kipande kizima bila kulipinda, nami nimelifunga kwa gazeti na kuliweka kwenye sanduku la haboba.

Tumekubaliana jambo, mimi na Papa. Kiraka kingine cha babu kiko kwenye sakafu ya buti, chini ya gurudumu la akiba, mahali pasipobeba kitu kizito. Hicho hakiguswi.

Jumanne, 19 Machi

Joto limezidi. Serikali imefunga shule kuanzia jana. Walisema nyuzi zitafika 45. Saa nane mchana bisibisi iliyoachwa juani haishikiki. Binamu zangu wadogo wanne wako nyumbani, hawana la kufanya, na haboba amewaamuru wakae kivulini. Kivuli kikubwa ni cha mwembe, na chini ya mwembe kuna mimi na milango miwili ya gari. Nimewapa msasa na ndoo ya maji.

Wanafanya kazi nzuri kuliko mimi! Mkono mdogo hauna haraka ya kwenda popote. Kufika saa kumi mlango ulikuwa unaonyesha historia yake yote kama shina la mti lililokatwa: juu kabisa kijivu chenye matope, chini yake kijani hafifu ya maji maji, na katikati jicho jekundu la ukubwa wa sahani ambalo wote wanne wamelishangilia. Nyekundu ile ya 1965, waliyoiita Tartan Red.

Nikamuuliza haboba kijani ilitoka wapi. Akacheka hadi akakohoa. Ni rangi ya kuta za hospitali. Babu aliipaka kwa brashi, usiku mmoja, mwaka ambao maofisa walikuwa wanachukua magari ya watu. Alitaka liwe baya. Gari jekundu la wazi kila bwana mkubwa angelitamani. Gari la rangi ya wodi, lenye alama za brashi, nani alitake? Na kweli hawakulichukua. Walichukua betri na kiti.

Nimewaambia watoto wasimamishe msasa. Upande wa ndani wa kifuniko cha buti utabaki na kijani yake, na alama za brashi zake.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua imeanza. Kibanda kinavuja mahali pawili, si juu ya gari.

Dada yangu wa Kampala ametuma kifurushi kwa basi: raba za breki za nyuma, alizozipata soko la Kisekka kwa mzee mmoja aliyezipima kwa kaliba dhidi ya zile kuukuu nilizompelekea, bila hata kuuliza ni za gari gani. Za mbele, za diski, hakuwa nazo. Hizo nitazisubiri kutoka Uingereza, kwenye begi la mtu.

Kabureta ndiyo iliyonila wiki nzima, na sijutii hata saa moja. Ni mbili, SU, zimekaa ubavuni mwa injini kama vyungu viwili vidogo vyenye vifuniko virefu. Koo la ile ya mbele lilikuwa limezibwa na kiota cha nyigu wa udongo, kigumu kama kigae. Nimekiloweka, nikakichokoa kwa kijiti cha mianzi ili nisiikwaruze aluminiamu.

Kabureta hii haifanani na yoyote niliyoona kwenye pikipiki au Toyota. Ndani ya kile chungu kuna pistoni inayopanda na kushuka yenyewe kwa kadiri injini inavyovuta hewa, na chini yake inaning'inia sindano ndefu iliyochongoka, inayoingia kwenye tundu la petroli. Injini ikivuta sana pistoni inapanda, sindano inatoka tunduni, petroli inaongezeka. Ikivuta kidogo, inashuka. Hakuna mtu anayeamua. Hewa yenyewe inaamua. Juu unatia oili nyepesi ili pistoni isirukeruke. Na kipimo cha kujua umeifunga sawa ni cha sikio: unaiinua kwa kidole, unaiachia, nayo lazima ianguke kwa uzito wake na kugonga, *tok*, chuma kwa chuma. Ikisita, sindano haiko katikati. Nimeifungua na kuifunga mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili, saa tano usiku, kwa taa ya simu: *tok*.

Jumamosi, 25 Mei

Sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Nimepata betri, moja ya volti 12 badala ya zile mbili za volti 6 zilizokuwa zikikaa nyuma ya viti. Waya zote nilikuwa nimezipima kwa mita, nimebadilisha zilizooza, nimesafisha kila mwisho. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Mikono yangu inajua umeme kuliko inavyojua chuma. Nikaunga: nyeusi, hasi, kwenye bodi, nyekundu, chanya, kwenye waya wa starta. Kila simu niliyowahi kuifungua iko hivyo. Kila gari lililopo Juba liko hivyo.

Nikawasha swichi. Moshi mwembamba ukatoka nyuma ya dashibodi, kwenye saa ya mizunguko ya injini. Nilizima ndani ya sekunde mbili, lakini harufu ya transista iliyoungua naijua, na haina dawa. Nimeifungua baadaye. Imekwenda.

Jumapili, 26 Mei

Haboba alitoka kanisani akanikuta nimekaa. Nikamweleza kwa Kiarabu changu cha kuokoteza. Alinisikiliza, kisha akauliza swali ambalo lilinifanya nihisi baridi kwenye joto hili: "Ile nyekundu ulipeleka wapi?"

Wiki mbili zilizopita, nikisafisha kisanduku cha betri, nilikwangua rangi nyekundu iliyokuwa kwenye bolti inayoshika bodi. Rangi nene, ya kucha. Nilidhani imedondoka tu.

Rangi ya kucha ilikuwa yake. Babu aliiomba Kampala, siku alipoletewa ufunguo, kwa sababu mwalimu Mhindi alikuwa amemwonya: gari hili limefungwa kinyume, chanya ndiyo inayokwenda kwenye bodi. Magari mengi ya Uingereza yalikuwa hivyo. MGB iligeuzwa 1967 tu, ilipobadilishiwa dainamo ikawekewa alteneta. Babu, ambaye maisha yake yote yalikuwa kutoa watu damu na kuwarudishia, alijitungia maneno ya kukumbuka, akamfundisha na haboba ili hata yeye akiwa hayupo mtu asikosee. Haboba ameyasema kwa Kiswahili, kama alivyofundishwa: "Nyekundu inaingia mwilini."

Kwa hiyo alikuwa ameniandikia. Aliiandika juu ya bolti, kwa lugha yake, na mimi nikaikwangua kwa mswaki wa waya nikijivunia usafi.

Kuanzia leo sifuti kitu chochote kabla sijamuuliza haboba, au sijakitazama siku tatu. Nimenunua rangi ya kucha Konyokonyo. Haboba mwenyewe ndiye aliyeipaka, akiwa amepiga magoti kwenye mto, na mkono wake haukutetemeka.

Kisha nimefanya kilichostahili kufanyiwa dainamo: nimelegeza waya zake, nikagusisha kwa sekunde moja waya wa moto kwenye tundu la F, ili sumaku yake ikumbuke upande. Cheche ndogo ya bluu.

Jumamosi, 20 Julai

Hakuna kazi leo. Vijana wetu wa mpira wa kikapu wamecheza na Marekani huko London. 101 kwa 100! Tumeongoza hadi sekunde za mwisho kabisa, LeBron James ndiye aliyetuponyoka. Mtaa mzima ulikuwa mbele ya televisheni moja inayoendeshwa kwa jenereta, na tulipofungwa hakuna aliyenyamaza, watu waliendelea kuimba kana kwamba tumeshinda. Papa Mkongo aliimba pia.

Jumapili, 11 Agosti

Limewaka.

Nianze kwa utaratibu. Asubuhi nilipanga vali. Injini ina vali nane kwenye mstari, na kuna kanuni ya tisa: vali namba 8 ikiwa imebonyea kabisa, pima ya 1, ya 7 ikibonyea, pima ya 2, jumla daima tisa. Nafasi ni milimita 0.38, injini ikiwa baridi. Ukanda wa kipimo unapita ukiburuzwa kidogo, kama karatasi iliyokanyagwa na kidole. Platini za distribyuta, milimita 0.4. Mpangilio wa moto, 1, 3, 4, 2.

Nikafungua swichi. Kimya. Pampu ya petroli, iliyo nyuma upande wa gurudumu la kulia, ilitakiwa kulia na haikulia. Nikaigonga kwa mpini wa bisibisi, mara moja. *Tik.* Kisha *tik tik tik tik*, haraka, ikapunguza, ikanyamaza: kabureta zimejaa. Haboba, aliyekuwa anachambua mboga mlangoni, aliinua kichwa. Sauti hiyo aliijua kabla yangu.

Mara ya kwanza injini ilikohoa. Mara ya pili ikapiga nyuma, moto mdogo kwenye kabureta, watoto wakakimbia. Nikageuza distribyuta kwa upana wa ukucha. Mara ya tatu ikashika, moshi wa bluu ukajaza kibanda, ukatoka, ukapita juu ya ua hadi barabarani, na ndani ya moshi huo sauti ikatulia, nzito, ya chini, kama mtu anayeguna kwa kuridhika. Taa ya dainamo ikazimika. Inachaji.

Haboba hakuja karibu. Aliweka sufuria chini, akafunika uso kwa kitambaa cha kichwani. Nilizima injini nikamwendea. Akaniambia, "Washa, ya weledi," yaani mwanangu. "Usizime. Washa."

Jumamosi, 7 Septemba

Raba za breki za mbele zimefika, kwenye soksi ndani ya begi la rafiki wa familia. Jioni nimetoa hewa kwenye mabomba, binamu mkubwa akikanyaga pedali: kanyaga, shikilia, achia. Pedali iko juu na ngumu.

Jambo ninaloliwaza ni petroli. Injini hii ilizaliwa wakati petroli ilikuwa na risasi, na risasi ndiyo iliyokuwa ikilinda vikalio vya vali. Afrika kusini ya Sahara iliacha kuiuza mwanzoni mwa 2006. Nitaendesha taratibu, nitapima vali kila mwezi. Nafasi ikipungua, nitajua vali zinazama.

Jumapili, 1 Desemba 2024

Barabara imekauka. Karatasi hazijakamilika, kwa hiyo leo ilikuwa ndani ya mtaa tu, asubuhi na mapema, kabla ya watu wa kanisani.

Kamba ya Papa niliiweka kwenye mwanya wa mlango jana usiku. Mafundo yote mawili yamekaa palepale. Mlango unafunga kwa vidole viwili.

Mlango wa kushoto ndio aliopandia haboba. Alivaa ile gauni yake ya Krismasi. Akaushika mkono wa mlango, akakaa, akaingiza miguu yote miwili pamoja, bila kufundishwa, kama mtu aliyefanya hivyo jana.

Njiani ndipo nilipolielewa jambo ambalo sikuwahi kuliwaza kwa mwaka mzima. Walipofika Machi 1973, Sudani ilikuwa bado inaendesha kushoto, kama Uganda. Agosti mwaka huohuo nchi nzima ikahamia kulia. Tangu siku hiyo dereva wa gari hili amekuwa upande wa mtaro, haoni kinachokuja mbele. Anayeona ni aliyekaa kushoto, katikati ya barabara. Nilijua hayo kwa kichwa. Lakini tulipopita Kituo cha Utamaduni cha Nyakuron tukakuta lori la maji linatambaa mbele yetu, likimwaga vijito pande zote mbili, na mimi nikawa naona tu mgongo wake wa bluu.

Haboba alikuwa tayari ameegemea nje, kitambaa chake kinapepea, mkono mmoja juu ya mlango. Macho yake ya karibu yamekwisha, ya mbali bado. Hakunigeukia.

"Agif," akasema. Ngoja.

Bodaboda ikapita. Nyingine ikapita.

"Agif."

Nikasikia pumzi yake. Injini inaguna, gia ya tatu, mguu wangu uko juu ya pedali.

"Ruwa!"

Nikaenda.